Mfumo wa Kusimamia Hosteli Hautoshi

Pita kwenye ubao wa matangazo wa idara yoyote ya kompyuta mwishoni mwa mwaka wa masomo, usome vichwa vya miradi ya wahitimu watarajiwa. Mfumo wa kusimamia hosteli. Mfumo wa kusimamia duka la dawa. Mfumo wa kusimamia maktaba, mahudhurio, mikopo ya vikoba, zahanati ya kijiji. Waliohitimu miaka kumi iliyopita walibandika vichwa hivyohivyo. Kilichobadilika ni lugha ya programu tu. Siku hizi baadhi ya vichwa vimeongezewa maneno mawili mkiani, "akili mnemba", na mambo yanaendelea kama kawaida.

Sina ugomvi na mifumo hiyo. Anayeijenga anajifunza kazi, na zahanati ya kijiji inaihitaji kweli. Shida huja siku ya kutetea andiko, mhadhiri anapouliza, "Swali la utafiti wako ni lipi?" na mwanafunzi akajibu, "Nataka kutengeneza mfumo." Ukumbi unacheka kidogo, mhadhiri anaandika kitu kwenye karatasi yake, mwanafunzi anatoka akiamini kabaniwa bila sababu. Na ukimsikiliza vizuri, ana haki ya kulalamika. Miaka mitatu minne amefundishwa kujibu maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba fani yake imejaa maswali ambayo hata waliomfundisha hawana majibu yake, na kwamba mengine yamelala ndani ya hosteli hiyohiyo anayotaka kuisimamia.

Kuandikisha majina, kupokea malipo na kutoa namba ya chumba ni kazi ya programu, na namna ya kuifanya inajulikana. Sasa geuza swali kidogo. Vyumba ni vya watu wawili wawili, na kila mwanafunzi ameandika orodha ya wenzake, kuanzia anayempenda zaidi hadi asiyemtaka kabisa. Je, unaweza kuwapanga wasipatikane watu wawili wa vyumba tofauti ambao kila mmoja angependa kumwacha mwenzake wa sasa ili wakakae pamoja? Tuuite mpango wa namna hiyo mpango tulivu.

Chukua wasichana wanne wa kufikirika. Asha anamtaka Bahati, akimkosa basi Chausiku. Bahati anamtaka Chausiku, akimkosa basi Asha. Chausiku anamtaka Asha, akimkosa basi Bahati. Dalila, maskini, wote watatu wamemweka mwisho. Mpange Asha na Dalila, Bahati na Chausiku: Asha atamfuata Chausiku, na Chausiku atampokea kwa mikono miwili kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa akimtaka yeye. Jaribu mipango miwili iliyobaki, utakuta kila ukimweka mtu na Dalila, mtu huyo anapata wa kutoroka naye. Mpango tulivu haupo. Hata ungekuwa na kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani, hauwezi kupatikana.

Swali hili lina ukoo wake. David Gale na Lloyd Shapley walilianzisha mwaka 1962 katika andiko fupi kuhusu udahili wa vyuo na ndoa. Walionyesha kwamba makundi yakiwa mawili, waombaji upande huu na vyuo upande ule, mpango tulivu haukosekani kamwe, na wakatoa hatua za kuupata. Kundi likiwa moja, kama la wakazi wa hosteli, ndipo unapoweza kukosekana. Mwaka 1985 Robert Irving akapata algorithimu ya haraka inayokuambia kama mpango upo, na kama upo ikupangie. Mwaka 1991 Cheng Ng na Daniel Hirschberg wakathibitisha kwamba vyumba vikiwa vya watu watatu watatu, tatizo linahamia kwenye lile kundi la matatizo ambayo hadi leo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyeyapeleka mawazo hayo kwenye kuwapanga madaktari wapya hospitalini na kubadilishana figo za kupandikiza.

Hosteli zetu nyingi zina vitanda vinne au sita kwa chumba. Fanya hesabu mwenyewe uone umeingia eneo gani.

Eneo hilo ni nadharia ya kompyuta, na kitovu chake ni swali moja: je, kila tatizo ambalo jibu lake linaweza kukaguliwa haraka, linaweza pia kutatuliwa haraka? Stephen Cook aliliweka bayana mwaka 1971. Mwaka uliofuata Richard Karp akaonyesha kwamba matatizo 21 yaliyoonekana hayahusiani kabisa, ya ratiba, ya njia, ya kupanga mizigo, ni sura tofauti za tatizo lilelile: ukipata njia ya haraka ya kulitatua moja, umeyatatua yote. Tangu mwaka 2000 kuna dola milioni moja za Marekani zinazomsubiri atakayetoa jibu lenye uthibitisho. Fedha bado zipo.

Wanafunzi wengi huikimbia nadharia wakiogopa hesabu, na wengine huona ni mambo ya wazee wa Ulaya waliokwisha kumaliza kazi. Kwa hao nina habari ya mwaka 2025. Kila aliyefika mwaka wa pili amesoma jedwali la hashi, ile njia ya kuhifadhi data ambayo kompyuta inapiga hesabu kujua kitu kikae nafasi gani. Fikiria basi la mkoani: tiketi inakupa namba ya siti, ukikuta imekaliwa unapewa nyingine, na nyingine tena, mpaka upate iliyo wazi. Basi likiwa nusu tupu unakaa mara moja. Likibakiwa na siti moja katika kila mia, utazunguka sana. Mwaka 1985 Andrew Yao, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Turing, alitoa hoja kwamba kwa majedwali ya aina iliyozoeleka huwezi kufanya vizuri zaidi ya kujaribu nafasi kwa kubahatisha: siti zilizo wazi zikiwa moja kwa mia, mhangaiko katika hali mbaya kabisa hukua sambamba na mia, zikiwa moja kwa milioni, hukua sambamba na milioni.

Miaka 40 watu walilihesabu jambo hilo kuwa limekwisha. Kisha Andrew Krapivin, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers kule Marekani, akasoma andiko moja lililozungumzia namna ya kubana vielekezi vya kumbukumbu za kompyuta. Akachezea wazo hilo, na katika kuchezea akajikuta ameunda jedwali linalotafuta nafasi kwa kasi ambayo haikupaswa kuwezekana. Hakuwa amewahi kusikia hoja ya Yao. Akaandika matokeo pamoja na Martín Farach-Colton na William Kuszmaul, yakatoka Januari 2025: mhangaiko haukui sambamba na milioni, unakua na mraba wa logi yake, yaani mamia tu. Kijana huyo hakupewa maabara ya mabilioni. Alikuwa na karatasi, muda, na walimu waliokubali kukagua kazi yake badala ya kumwambia arudi akasome kwanza kila kilichoandikwa tangu 1985.

Nimekaa sana kwenye nadharia kwa makusudi, maana ndiyo inayopuuzwa. Huko kwingine hakuhitaji kupigiwa debe. Ukitamka "akili mnemba" darasani, mikono inanyooka yenyewe. Kwa hiyo hapo nitasema jambo ambalo wanaonyoosha mikono huwa hawaambiwi.

Katika maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, watafiti wamekuwa wakifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa kutazama picha ya jani. Picha zaidi ya 21,000 zilikusanywa katika uchunguzi wa mashamba ya Uganda, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe, kisha wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda wakazipanga katika makundi matano: batobato, michirizi kahawia, bakteria, utitiri wa kijani, na majani yenye afya. Mwishoni mwa mwaka 2020 picha hizo ziliwekwa kwenye shindano la wazi katika tovuti ya Kaggle, na maelfu ya timu kutoka duniani kote zikaingia uwanjani. Walioongoza walipatia takriban asilimia 91 ya picha.

Zitazame data zenyewe kabla hujapiga makofi. Zaidi ya asilimia 60 ya picha ni za batobato. Maana yake ni kwamba mtu akiandika programu ya mstari mmoja, isiyotazama picha hata moja, inayojibu "batobato" kila ikiulizwa, tayari ana zaidi ya asilimia 60. Mkulima ambaye jani lake lina bakteria hatafaidika na chochote, ila jedwali la matokeo litapendeza. Sasa mwanafunzi anapoandika kwenye tasnifu kwamba mfumo wake una usahihi wa asilimia 85, swali la kwanza la kumuuliza ni: usahihi wa kundi gani? Na mtu ambaye hajui kitu akibahatisha tu anapata ngapi? Nimesoma tasnifu ambazo maswali hayo mawili hayajaguswa kuanzia jalada hadi kiambatisho.

Shambani mambo ni magumu zaidi. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti, na picha zilizotumika kuifundisha zilianzia kwenye mashamba ya Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ikitazama jani moja inapatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Kisha watafiti wakaipa majani sita ya mmea uleule badala ya moja, na usahihi ukapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Walichobadilisha ni namna ya kuuliza: majani sita badala ya moja. Wazo la namna hiyo humjia aliyesimama kwenye shamba la muhogo, akaona kwamba majani ya juu na ya chini ya shina moja hayafanani. Na bado swali gumu limebaki, kwa sababu michirizi kahawia ina tabia ya kuozesha mizizi huku majani yakionekana hayana neno. Mkulima hugundua siku ya kuvuna. Kamera ya simu haioni chini ya udongo. Anayetaka kazi ya uzamili, hiyo hapo.

Tatizo la nani yumo ndani ya data na nani hayumo halikuanzia kwenye majani. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo kwa sababu bunge lake lina wanawake wengi kuliko mabunge mengine. Programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7 ilipotazama wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa lilikuwa chini ya asilimia moja. Utafiti huo haukuunda mfumo wowote mpya. Ulipima ya wengine kwa makini, na kampuni kubwa zikalazimika kurekebisha bidhaa zao.

Kiswahili nacho ni uwanja, tena mpana, na hapa msomaji wa gazeti hili anaanza mbio akiwa mbele ya mtafiti wa California. Chukua kitenzi "hawajakulipa". Ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, mtendewa, mzizi na kiishio, vyote bila nafasi katikati. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulika na jambo hili tangu miaka ya 1980, akiandika kanuni za sarufi moja baada ya nyingine mpaka kompyuta ikaweza kukipasua kitenzi cha Kiswahili kama mwalimu wa isimu anavyofanya ubaoni. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa hazina kubwa ya matini za Kiswahili inayotumiwa na wanaisimu hadi leo. Mifumo ya sasa haifanyi hivyo. Inakata maneno vipande kwa kuangalia herufi zipi hutokea pamoja mara nyingi, na kwa kuwa matini nyingi ilizolishwa ni za Kiingereza, "hawajakulipa" huweza kukatwa mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne asingekata. Je, kuirudishia mashine sarufi kunasaidia, au data zikiongezeka inajifunza yenyewe? Watafiti hawajakubaliana, na kwa lugha zenye matini chache swali ni la moto.

Mwaka 2021 watafiti wa mtandao wa Masakhane, wengi wao vijana wa Kiafrika waliojiunga kwa hiari yao, walitoa data za kufundishia mashine kutambua majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe katika lugha kumi za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kiluo, Kiganda na Kinyarwanda. Linaonekana jambo jepesi mpaka ukutane na sentensi zetu. "Moshi umezidi" na "Moshi kumezidi baridi": ya kwanza ni jikoni, ya pili ni Kilimanjaro. Neema ameondoka, au neema imeondoka? Baraka, Furaha, Tumaini, Mashaka, Tanga: lugha yetu hutoa majina kwenye kapu lilelile la maneno ya kila siku, na kwenye ujumbe wa simu hakuna anayehangaika na herufi kubwa. Upatanisho wa ngeli husaidia kuamua, na huo mzungumzaji wa lugha anao kichwani bila kufundishwa. Ongeza Sheng ya Nairobi, ongeza Kiswahili cha Lubumbashi ambacho mtu wa Unguja akikisikia huomba kurudiwa, uone kama kazi imekwisha.

Kuna maeneo ambayo hayana mvuto wa magazeti mpaka siku yanapoharibika. Jumapili ya Mei 12, mwaka 2024, nyaya mbili za mkongo wa baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu waligundua siku hiyo kwamba "wingu" wanalohifadhia picha zao linapita chini ya bahari. Mtafiti wa mitandao huuliza data zipite wapi njia ya kwanza ikikatika, na kwa nini barua pepe ya kutoka Ilala kwenda Kinondoni ilazimike kutoka nje ya nchi. Swali hilo la pili si la kubuni. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, mawasiliano kati ya kampuni mbili za intaneti za jiji hilohilo yalipanda kwenye setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Setilaiti za aina hiyo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa njia hiyo kunakula karibu nusu sekunde kwa sababu ya umbali peke yake, hata mitambo ingekuwa mizuri namna gani. Kituo kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya malalamiko ya kampuni iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, kikarudi kazini mwaka 2002. Ukisoma mitandao, jiandae kusoma na siasa.

Usalama wa kompyuta nao una sura mbili, na wanafunzi hupenda moja tu, ile ya mtu aliyevaa kofia ya jaketi akidukua benki usiku. Kwenye vitabu, usimbaji umesimama imara: mbinu ya RSA ni ya mwaka 1977 na bado inalinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia. Mtaani, mlango unaovunjwa ni mwingine kabisa. "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Nani hajaupata ujumbe huo? Hauna virusi, hauna msimbo, umeandikwa na mtu anayejua kwamba kati ya watu elfu moja yupo mmoja ambaye dakika hiyo anasubiri kutajiwa namba ya kutumia hela. Kuufundisha mtambo uugundue kunahitaji kusoma meseji za watu, na kusoma meseji za watu ndicho kitu ambacho sheria za faragha zinakataza. Jinsi ya kujifunza kutoka kwenye data ambazo huruhusiwi kuziona ni eneo zima la utafiti, lenye hesabu nzito na mikutano yake.

Hapo ndipo unapokutana na wanaochunguza uhusiano wa binadamu na kompyuta, eneo linalodharauliwa na wapenda hesabu, nadhani kimakosa. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa watu walipie marejesho ya mikopo midogo. Wahusika walipotazama matumizi waliona wateja wanafanya mambo yao: wanatumiana hela wao kwa wao, wanaiweka wakiwa safarini ili wasiibiwe. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma hela nyumbani ndiko kulikokuwa tangazo lake. Aliyekaa pembeni na kutazama watu walivyotumia simu zao alivuna zaidi ya ambaye angekaa kuboresha moduli ya mikopo. Njia za eneo hili ni mahojiano, kushinda na watumiaji, majaribio yenye mpangilio. Mwanafunzi anayedhani hiyo ni "soshiolojia tu" ajaribu kuandika dodoso moja lisilomwelekeza mjibuji, kisha tuongee.

Basi mtu anaanzaje? Kwa kusoma, na kusoma andiko la utafiti hakufanani na kusoma notisi za mtihani. Mwaka 2007 Srinivasan Keshav aliandika kurasa chache kuhusu jambo hili ambazo ningemgawia kila mwanafunzi siku ya kwanza. Anashauri kulipitia andiko mara tatu: mara ya kwanza dakika tano hadi kumi, kichwa, muhtasari, vichwa vidogo na hitimisho; mara ya pili kwa muda usiozidi saa moja, ukitazama michoro na kuacha uthibitisho; mara ya tatu ukijaribu kulijenga upya andiko kichwani mwako, kazi inayoweza kumchukua anayeanza saa nne au tano. Maandiko mengi huishia mzunguko wa kwanza, na hilo si uvivu. Kisingizio cha kwamba maandiko yanauzwa hakina nguvu tena kama zamani: hazina ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ni ya bure, na matokeo mengi mapya ya kompyuta huwekwa humo.

Umbali nao umepungua. Deep Learning Indaba, mkutano wa kila mwaka wa Waafrika wa akili mnemba, ulianza Johannesburg mwaka 2017, ukafika Nairobi 2019 na Kigali 2025. Mkutano wa ICLR, ambao wakubwa wa fani hupigania nafasi ya kuwasilisha kazi zao, ulifanyika Kigali Mei 2023, mara ya kwanza barani. Kutoka Mwanza au Bukoba hadi Kigali ni safari ya basi, na hakuna ubalozi wa kukuuliza utarudi lini.

Kama bado hujui pa kuanzia, usianze na kuchagua eneo. Chagua matokeo madogo yaliyochapishwa na uyarudie mwenyewe mpaka upate namba zilezile, au ushindwe na ujue umeshindwa kwa nini. Data za Masakhane zinapakuliwa bure na zinaingia kwenye kompyuta ya kawaida. Andika sentensi mia moja zenye Moshi, Tanga, Neema na Mashaka, nusu majina, nusu maneno ya kawaida, zote kwa herufi ndogo. Ulishe sentensi hizo mtambo uliofundishwa kwa data za Masakhane, hesabu mara unazokosea, kisha tenga makosa ambayo upatanisho wa ngeli ungeyazuia na yale ambayo usingeyazuia. Idadi ya hilo kundi la pili ndiyo uende nayo kwa mhadhiri wako.